Geti la Bisibisi

Saa tano asubuhi siku ya Jumatatu, geti la daktari wa meno lilifunguka nusu, likasimama kidogo kama linalowaza, kisha likarudi lilikotoka na kujifunga. Daktari alikuwa ndani ya gari lake, nje, jua likimpiga kupitia kioo. Akabonyeza rimoti tena. Geti likaja, likafika palepale, likarudi. Mara ya tatu halikuja kabisa. Nyuma yake gari la jirani likapiga honi, na ng'ambo ya barabara mzee mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumwona bila kofia alitoka kibarazani ili aone vizuri.

Mtaa ule ulikuwa na nyumba kumi. Geti la daktari ndilo la kwanza kufungwa mota, na majirani tisa waliobaki walikuwa wamekubaliana kungoja mwezi mmoja. Likienda mwezi mzima bila matata, nao watatengenezewa mageti kama lile, na mota kama ile, na mafundi walewale. Mzee wa Kofia ndiye aliyekuwa msemaji wao, kwa sababu hakuwa na kazi nyingine. Mota yenyewe ilikuwa na siku mbili tu tangu ifungwe.

Daktari akampigia simu fundi wa mota.

"Fundi, njoo uchukue geti lako," alisema. "Linanichezea mbele za watu."

Fundi wa mota alikuwa kijana mwembamba, mrefu, kichwa kikubwa juu ya shingo ndogo, na watu walimwita Bisibisi. Simu ilimkuta amekaa na kaka yake mbele ya karakana yao. Kaka mtu, mchomeleaji, aliitwa Cheche. Waliishi nyumba moja nyuma ya karakana hiyo: Cheche na mkewe katika vyumba viwili vya mbele, mama yao chumba cha kati, na Bisibisi, ambaye alikuwa hajaoa, chumba cha uani. Walipika sufuria moja na kula meza moja.

"Kuna nini?" Cheche akauliza, ingawa alikuwa amesikia kila neno.

"Geti la daktari. Linafika nusu, linarudi."

"Ala! Lile lako linalofunguka lenyewe?"

"Usinicheke, kaka. Twende wote, ukanikagulie reli."

Cheche akainuka, akajikung'uta vumbi la chuma mapajani. Alisikia utamu fulani kifuani, na alijua ni utamu wa namna gani. Hakuona haya hata kidogo.

Tuseme mambo mapema, ili tusizungushane. Geti lile lilitengenezwa na Cheche. Alilikata, akaliunga, akalisaga na kulipaka rangi kwa wiki sita, na reli ya kutelezea aliinyoosha mara nne mpaka kamba ya kupimia ikakubali. Katika maisha yake ya uchomeleaji hakuwa ametoa geti bila kulitia nyota ya chuma ya ncha tano, ukubwa wa kiganja, hapo mbele, usawa wa macho. Ndiyo ilikuwa saini yake. Nyota ya daktari aliikata mapema, akaisaga ikang'aa. Daktari akaikataa.

"Fundi, mimi sitaki mapambo," alimwambia. "Nataka geti."

Nyota ikatundikwa msumarini karakanani, ikawa inamtazama kila akiingia. Kisha akaja Bisibisi, akafunga mota kwa siku moja. Siku moja! Akabandika juu ya boksi la mota stika ya manjano yenye jina lake na namba yake ya simu, na daktari, yule asiyetaka mapambo, hakusema neno. Watoto wa mtaa walipoona chuma kinatembea bila kusukumwa walipiga kelele, "Geti la Bisibisi! Geti la Bisibisi!" Jina likashika hapohapo. Mama mtu naye akalibeba mpaka nyumbani, akawaambia majirani kwamba mwanawe ana geti linalomtii. Mke wa Cheche alingoja mpaka wawe wawili.

"Wiki sita umekohoa moshi," alisema, "na leo ni geti la Bisibisi. Basi wewe ulikuwa unafanya nini kule, kumshikia taa?"

Maneno hayo yalimkuta Cheche tayari ameshafanya alichofanya. Mchana wa Jumamosi, siku ileile ya kufunga mota, Bisibisi alipoingia garini na daktari kwenda dukani kutafuta betri za rimoti ya akiba, Cheche alibaki peke yake akikusanya vifaa. Nyota ilikuwa mfukoni mwa ovaroli tangu asubuhi. Aliwasha mashine yake ndogo, akainama kwenye mkia wa geti, ncha yake ya nyuma, upande wa ndani, chini kabisa, mahali ambapo mtu haoni mpaka apige magoti, akaichomelea. Dakika tano. Akaipaka rangi nyeusi harakaharaka, na moyo ukatulia.

Lakini ili kuchomelea lazima ubane klempu, kibanio cha waya wa mashine, mahali penye chuma kitupu, umeme upate njia ya kurudi kwenye mashine. Geti lote lilikuwa limepakwa rangi. Chuma kitupu kilichokuwa karibu ni kitako cha mota. Cheche alibana hapo, bila kufikiri mara mbili, na mdogo wake alikuwa amemwambia si mara moja: "Kaka, mota ikishafungwa, usiliguse geti kwa moto kabla hujaniita nichomoe waya. Umeme wa mashine yako utapita ndani ya bodi, ubongo wa mota, na kuniulia." Alimwambia hivyo mbele ya watu, kwa sauti ya mwalimu. Labda ndiyo maana Cheche hakutaka kuikumbuka.

*

Jumatatu ile Bisibisi alianza na rahisi, kama fundi mwenye akili anavyoanza. Alibadilisha betri ya rimoti. Alifuta macho ya geti, yale madogo mawili yanayotazamana nguzoni ili geti lisimbane mtu, akatoa utando wa buibui uliokuwa mmoja tu na mwembamba. Alisogeza sumaku zinazoiambia mota mahali pa kusimama. Cheche alikagua reli, akatoa kijiwe kisichozidi punje ya mahindi, akakionyesha kwa daktari kama dhahabu.

Geti likafunguka, likafunga. Mara kumi. Daktari akashukuru, na Mzee wa Kofia akarudi ndani kwa huzuni.

Jumanne asubuhi lilikwenda vizuri. Saa tano, jua lilipopanda, likafika nusu na kurudi. Safari hii daktari alikuwa anatoka, na mgonjwa wake alikuwa kliniki, mdomo umeshatiwa ganzi na msaidizi. Alishuka garini, akalivuta kwa mikono, akashindwa, maana mota ilikuwa imelishika. Bisibisi alifika akikimbia, shati limelowa mgongoni.

"Fundi, wewe umesomea kazi hii?" daktari akamuuliza.

"Nimesomea, Daktari."

"Wapi?"

Akamtajia chuo. Daktari akatikisa kichwa polepole, kama anayeangalia jino ambalo halina dawa. Mzee wa Kofia, aliyekuwa ameshavuka barabara, akauliza kozi ilikuwa ya muda gani. Bisibisi akamjibu na hilo pia, kwa adabu, huku ameshika bisibisi mkononi na hana pa kuitia.

Cheche alikuwepo, amejiegemeza ukutani. Alilitazama lile shati lililolowa. Akamkumbuka mama akisema "geti linalomtii," akatamani mama awepo, ajionee utii wenyewe.

Jumatano Bisibisi alikwenda peke yake. Alifungua boksi, akakaa mbele yake kwa muda mrefu bila kugusa kitu. Kisha akalifunga, akainuka na kulizunguka geti lote polepole, kiganja kikipita juu ya chuma. Alipofika mkiani alipiga magoti. Alikaa hapo pia. Daktari alipomwuliza kupitia dirishani kama ameona tatizo, alijibu kwamba bado anachunguza.

*

Jioni ile walikula wali na nyama. Mama aliketi kwenye kiti chake chenye mto, na kama kawaida alianza kumchagulia Bisibisi mapande mazuri.

"Kula, mwanangu, umekonda zaidi. Vyuma vya watu vitakumaliza."

"Nakula, mama."

"Geti limepona?"

"Bado. Lina mambo yake."

"Litapona. Mikono yako ina baraka."

Mkono wa Cheche ulisimama juu ya sahani. Akatia tonge mdomoni, akatafuna. Akatafuna tena. Lilikwenda shavu hili, likarudi lile, na koo likakataa kulipokea. Mkewe alikuwa anamtazama.

"Una nini? Unatafuna kama unahesabu."

"Wali una mawe."

"Mawe! Wali nimeuchambua mwenyewe!"

Bisibisi aliinua macho, akamwangalia kaka yake akitafuna. Aliangalia kwa utulivu, kwa muda, kisha akarudi kwenye sahani yake na kula vizuri mpaka mwisho.

Kesho yake na keshokutwa ikawa vilevile mezani: mmoja anatafuna bila kumeza, mwingine anamtazama.

*

Alhamisi ndiyo siku daktari aliposema basi. Aliwaita mafundi wote wawili, na Mzee wa Kofia akaja bila kuitwa, pamoja na majirani wawili waliojifanya wanapita.

"Nimechoka kuwa sinema ya mtaa," daktari alisema. "Jumamosi saa sita mama yangu anatoka hospitali, yuko kwenye kiti cha magurudumu. Sitaki akae juani akisubiri geti liamue. Ama lifanye kazi, ama mng'oe mota yenu mwende nayo. Na hawa wote," akaonyesha majirani kwa kidevu, "nitawaambia nilichokiona."

"Labda ubovu ni wa geti lenyewe," Mzee wa Kofia akasema. "Mimi nimeliangalia. Limekaa zito. Mafundi wa mitaani hujaza chuma tu ili lionekane. Mota ya watu wa nje italiwezaje?"

"Ndivyo, fundi?" daktari akamgeukia Bisibisi. "Geti ni zito?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, umefunguliwa wazi. Kusema "ndiyo" tu kulitosha. Cheche alikuwa ameshika nondo mkononi. Alimjua mdogo wake, na alijua yeye mwenyewe angesema nini kama angeulizwa hivyo.

Bisibisi alitoa ufunguo mdogo mfukoni, akafungua kijilango chini ya boksi, akauzungusha. Mota ikaliachia geti.

"Daktari, njoo usukume."

"Mimi?"

"Kwa kidole kimoja."

Daktari akasogea kwa mashaka, akatoa kidole chenye ukucha mfupi, safi, akagusa chuma. Geti likaondoka. Kilo mia tatu na ushee za chuma zilikwenda mita tano bila kulia, bila kutetemeka, zikagusa kizuizi na kutulia. Daktari akacheka kwa mshangao. Akalirudisha kwa kidole hichohicho. Mzee wa Kofia naye akataka kujaribu, akalipeleka na kulirudisha mara tatu, mpaka mmoja wa majirani akamwambia apishe wengine.

"Mmeona?" Bisibisi akasema. "Geti la kaka yangu halina kosa. Reli yake imenyooka, magurudumu yake hayalii. Tangu nimjue hajatoa geti bovu. Ubovu uko kwenye mota, na mota ni yangu mimi."

Alipokuwa akisema hayo hakumwangalia daktari. Alimwangalia Cheche, usoni, neno kwa neno.

Mtu mwingine angefurahi. Tangu Jumamosi Cheche alikuwa akitamani mtu mmoja tu aseme hayo, na sasa yamesemwa mbele ya mtaa, kwa sauti. Lakini aliyeyasema ni Bisibisi. Hata hili? Hata wema nao awe nao yeye? Amechukua geti, amechukua mama, na sasa amechukua na aibu ambayo haikuwa yake, ameibeba vizuri mpaka watu wanamhurumia. Wivu wa Cheche, uliopaswa kufia hapo, uliota meno mapya.

*

Aliyeulizia nyota ni mke wa Cheche. Ijumaa jioni aliingia karakanani kufuata ndoo, akaona msumari mtupu ukutani, na kuzunguka msumari alama nyeupe ya ncha tano mahali ambapo moshi haukufika. Akatoka na ndoo, hakuitia maji. Cheche alikuwa amekaa kwenye gogo akisaga bawaba.

"Nyota iko wapi?"

"Nyota gani?"

"Mume wangu, usinifanye mtoto. Ile aliyoikataa daktari."

Cheche akazima mashine.

"Umeiweka," mkewe akasema. "Umeiweka kwenye lile geti. Lini?" Akajijibu mwenyewe, maana alikuwa mke wa mchomeleaji kwa miaka kumi na minne na maonyo ya shemeji yake alikuwa ameyasikia akiwa anawapelekea chai. "Jumamosi. Baada ya mota. Yarabi! Wewe ndiye umeiunguza."

"Punguza sauti."

"Mageti tisa! Ungeyatengeneza wewe hayo, si yeye! Umejikata mguu wako mwenyewe!"

"Mageti tisa ya Bisibisi," Cheche akasema. "Mimi nikohoe mwaka mzima, na mtaa mzima uitwe kwa jina lake."

Mkewe akaifudikiza ile ndoo, akaikalia. Hakuwa mwanamke wa kunyamaza, lakini alinyamaza, kwa sababu alikumbuka ni nani aliyemwuliza mumewe kama alikuwa akimshikia mtu taa. Kijicho kile alikuwa amekipalilia naye, jioni baada ya jioni, kila mama mkwe alipomsifu mwanawe mdogo na kumruka mkubwa.

"Nenda ukaseme," alisema mwishowe.

"Niseme nini? Kwamba fundi wa miaka ishirini amebana klempu kwenye mota? Kila mwanagenzi atanicheka."

"Shemeji kesho anang'oa mota. Jina lake linakufa."

"Najua."

"Na wewe unalitaka life?"

Cheche hakujibu upesi, na kule kuchelewa kulimtisha yeye mwenyewe kuliko kulivyomtisha mkewe. Alitaka life. Alikuwa akilitaka tangu Jumatatu.

*

Jumamosi saa nne Bisibisi alikuwa ameshafungua nati mbili kati ya nne. Toroli lilikuwa pembeni na gunia juu yake. Daktari alisimama mikono kifuani, na Mzee wa Kofia alikuwa mahali pake pa kawaida, kando ya mambo ya watu. Cheche alikuja kwa miguu, ovaroli limefuliwa, hana kifaa chochote.

"Daktari," akasema kabla ya salamu, "hiyo mota nimeiunguza mimi."

Bisibisi akaacha spana ikining'inia kwenye nati. Hakuinua kichwa.

"Umeiunguzaje?" daktari akauliza.

"Nilichomelea geti wakati mota imeshafungwa. Aliniambia nisifanye hivyo. Nikafanya. Umeme wa mashine yangu ukapita humo ndani."

"Ulikuwa unachomelea nini? Geti si lilikuwa limekwisha?"

Hakukuwa na namna ya kulisema likawa dogo. Cheche alikwenda mkiani mwa geti, akaonyesha kwa kidole. Daktari akalazimika kuinama, kisha kupiga goti moja, na sketi yake safi ikagusa vumbi. Mzee wa Kofia aliinama naye, ameishika kofia isianguke.

"Nyota," daktari akasema.

"Ndiyo."

"Nilikwambia sitaki."

"Uliniambia."

"Sasa hapa chini nani angeiona?"

"Hakuna," Cheche akasema. "Mimi tu ningejua ipo."

Daktari akasimama, akajifuta goti. Hakukasirika kama walivyotegemea, na afadhali angekasirika. Aliwatazama wote wawili, mkubwa na mdogo, kwa uso wa mtu aliyefungua mdomo wa mgonjwa na kukuta kitu cha kusikitisha.

"Kwa hiyo nyumba yangu mmeifanya mahali pa kupimana urefu," alisema. "Basi ng'oeni. Sitaki bodi mpya wala ya zamani. Juzi nilisukuma kwa kidole, likaenda. Kidole ninacho. Mota ya kunifungulia kitu ninachoweza kukifungua kwa kidole, ya nini?"

Bisibisi akainua kichwa kwa mara ya kwanza. Jaribio lile la kidole alilileta yeye.

Wakang'oa mota pamoja. Zikabaki bolti nne zimesimama kwenye zege.

*

Njiani Bisibisi alisukuma toroli na Cheche alitembea ubavuni. Mota ilikuwa imelazwa juu ya gunia, stika ya manjano ikitazama mbinguni. Walikuwa wameshapita maduka matatu Cheche aliposema:

"Hukushtuka niliposema."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Jumatano. Bodi imeungua kwenye njia ya umeme wa kurudi. Kitu kama hicho hufanywa na radi, au mashine ya kuchomelea. Mvua umeiona wewe? Nikalizunguka geti, nikaikuta. Na umeipaka rangi vibaya, kaka. Haikuwa kazi yako ile."

Cheche akaiangalia ile stika. "Na Alhamisi bado ukasema kosa ni lako. Ukanisifu mbele za watu."

Bisibisi akalitua toroli katikati ya njia. Mwanamke mwenye mzigo ikabidi awazunguke.

"Ile ya kidole hukuielewa? Sikumfanyia daktari. Nilikufanyia wewe. Nilitaka nikusifu mpaka uumie, na nikaona umeumia. Siku tatu nimekutazama mezani unatafuna bila kumeza. Nikafurahi. Nilisema, namngoja, nione tonge hili litamshuka lini."

"Mdogo wangu..."

"Unafikiri ni wewe tu? Kazi yangu mimi imo ndani ya boksi. Ikiwa nzuri, watu wanasahau kwamba ipo. Wanaikumbuka ikiharibika. Yako itasimama pale mpaka wajukuu wa daktari wazeeke, kila mtu anaiona, kila mtu anaishika. Ile stika unadhani niliibandika kwa nini?"

Akalishika toroli tena, akasukuma. Cheche alimfuata nyuma hatua mbili. Alitaka kusema samahani, na alikuwa ameshaipata kabisa mdomoni, lakini mpaka wanafika nyumbani hakuitoa.

*

Tangu hapo kila asubuhi daktari alishuka garini, akalisukuma geti kwa kidole, akatoka. Siku mama yake aliporudi, bibi yule alilisukuma mwenyewe akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu, akacheka mpaka akakohoa. Watu walianza kusimama kutazama. Watoto walilisukuma kwa kidole cha mwisho, kwa pua, kwa kisigino. Na jina likabadilika, kama majina ya mitaani yanavyobadilika, bila mtu kuulizwa. Likawa geti la Cheche.

Wiki ya pili Mzee wa Kofia alifika karakanani. Bisibisi alikuwa ndani, nyuma kidogo, anatengeneza feni ya mtu.

"Tumekaa," mzee akasema, "sote tisa. Tunataka mageti kama lile. La kidole."

Cheche akavua miwani ya kuchomelea. "Na mota tutafunga nzuri zaidi. Mdogo wangu..."

"Hapana, fundi. Mota ya nini? Mota ina matatizo yake, kidole hakina. Geti tu." Mzee akageuka kuondoka, akakumbuka kitu. "Na ile nyota yako uiweke. Kubwa. Mbele, watu waione."

Nyuma, feni ilikuwa imeshawashwa kujaribiwa. Ilizunguka kidogo, kisha ikazimwa.

Jioni mke wa Cheche alipika zaidi ya kawaida na sauti yake ilisikika mpaka kwa jirani. Mama aliketi kwenye kiti chake chenye mto, habari ameshapewa, na kwa mkono wake mwenyewe akachagua pande zuri la nyama, akalivusha juu ya meza, akaliweka kwenye sahani ya Cheche.

"Kula, mwanangu," alisema. "Mikono yako ina baraka."

Miaka mingapi Cheche alikuwa ameyangoja maneno hayo! Akaliangalia lile pande. Kisha akamwangalia mdogo wake.

"Hongera, kaka," Bisibisi akasema.

"Malipo ya kwanza yakitoka, nitakununulia bodi mpya. Nimeshaulizia."

"Ya kufunga wapi?"

Bisibisi akatia tonge mdomoni. Akatafuna. Tonge likaenda shavu hili, likarudi lile, likakaa. Cheche aliujua utafunaji ule. Alitafuna hivyo yeye, siku tatu, mezani hapohapo.

Akachukua pande aliloletewa na mama, akalisogeza kwenye sahani ya mdogo wake.

"Kula, mdogo wangu."

"Nimeshiba," Bisibisi akasema, na sahani yake ilikuwa bado imejaa.